Miale ya Kosmiki na Masalia ya Supanova: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yalianza na boksi la kioo. Nafundisha fizikia hapa Kasese, chini ya Rwenzori, na muhula mmoja nilifanikiwa kuleta barafu kavu kutoka Kampala, imefungwa kwa magazeti na magunia nyuma ya pikapu ya rafiki. Tuliiweka mezani, juu yake bamba jeusi la bati, na juu ya bamba boksi la kioo lililopinduliwa juu chini, lenye kitambaa kilicholowa spiriti. Tulifunga madirisha, tukawasha tochi kutoka upande mmoja. Dakika kumi zilipita bila kitu. Kisha uzi mweupe ukajichora ndani ya ukungu, umenyooka kama kamba ya fundi ujenzi, ukakaa chini ya sekunde moja, ukalegea, ukapotea. Ukaja mwingine. Msichana wa benchi la mbele akauliza, "Mwalimu, hiki kimetoka wapi?"

Tangu siku hiyo sijaachwa. Wananiuliza darasani, kwenye simu, hata stendi ya magari. Hapa nimekusanya yale yanayorudi zaidi, mepesi kwanza, magumu baadaye. Jibu likihitaji jambo lililokwisha elezwa, nimetaja namba ya swali.

## Misingi

1. Miale ya kosmiki ni nini hasa?

Ni chembe ndogo kuliko atomu zinazotufikia kutoka anga za mbali zikikimbia karibu na kasi ya nuru. Katika kila mia, tisini hivi ni protoni, yaani viini vya hidrojeni. Tisa hivi ni viini vya heliamu. Zilizobaki ni viini vizito kama vya kaboni na chuma, pamoja na elektroni. Zinaitwa "miale" kwa sababu waliozichunguza mwanzoni walidhani ni mnururisho wa aina ya eksirei. Dhana ilibadilika, jina likabaki. Usizichanganye na miale ya gama: hiyo ni nuru kweli, ila ina nishati kubwa kupita kiasi na jicho haliioni.

Protoni kutoka angani haifiki kwako ikiwa nzima. Huko juu, kilomita kumi na zaidi, inagonga kiini cha naitrojeni au oksijeni na kukivunja. Vipande vinavunja viini vingine, navyo vinavunja vingine, mpaka inashuka mvua ya chembe. Zinazotufikia kwa wingi ni myuoni, ambazo ni kama elektroni lakini nzito zaidi. Kwenye usawa wa bahari, karibu myuoni moja hupita katika kila sentimita moja ya mraba kila dakika. Kunjua kiganja chako: ukimaliza kusoma sentensi hii, zitakuwa zimepita kadhaa. Nyuzi ndefu na nyoofu tulizoziona kwenye boksi nyingi zilikuwa njia za myuoni.

2. Ilijulikanaje kwamba zinatoka juu?

Mwanzoni mwa karne ya 20 vyombo vya kupima mnururisho vilikuwa vinaonyesha alama kila mahali, na watu walidhani chanzo ni mawe yaliyo ardhini. Kama ni hivyo, ukipanda juu mnururisho ungepungua. Victor Hess wa Austria aliamua kupima mwenyewe kwa puto. Tarehe 7 Agosti 1912 alifika mita 5,300 hivi. Sisi tunaoamka tukiutazama mlima tuna kipimo chetu: kilele cha Margherita ni mita 5,109. Hess alikuwa juu ya Margherita, ndani ya kikapu, anasoma vyombo.

Alikuta mnururisho unapungua kidogo mwanzoni, kisha unaongezeka sana kadiri anavyopanda. Aprili ya mwaka huohuo alikuwa amepaa wakati jua limepatwa, na vyombo havikuonyesha upungufu wowote, kwa hiyo chanzo hakikuwa jua. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1936.

Ukitaka kinyume cha puto, ingia mgodini. Ndani ya mahandaki ya zamani ya shaba ya Kilembe, mlima mzima unakuwa mwavuli, na myuoni zinazokufikia ni chache mno kuliko zinazompata mtu aliyesimama nje ya mlango.

3. Je, zina madhara kwa mwili?

Kwa maisha ya kawaida, hapana. Zimekuwepo tangu kabla ya uhai duniani. Kati ya milisiva 2.4 hivi (milisiva ni kipimo cha dozi ya mnururisho mwilini) ambazo binadamu wa kawaida hupata kwa mwaka kutoka vyanzo vya asili, kama 0.4 tu ndizo za miale ya kosmiki. Nyingi zinatokana na udongo, mawe na gesi ya radoni majumbani. Wanaofuatiliwa kwa karibu ni wanaanga na wahudumu wa ndege.

4. Kuishi karibu na Ikweta kunabadilisha chochote?

Kunabadilisha, na nashangaa jambo hili halisemwi mashuleni kwetu. Dunia ina uga wa sumaku. Karibu na Ikweta mistari ya uga huo imelala sambamba na ardhi, na chembe yenye chaji inayotaka kushuka lazima iikate. Chembe zenye nishati ndogo hushindwa na kurudishwa angani. Kwenye ncha za dunia mistari imesimama wima, kwa hiyo chembe huteleza kuifuata mpaka chini. Ndiyo maana anga yetu inapokea miale michache kuliko ya Ulaya Kaskazini. Faida ya jambo hili kwa setilaiti itaonekana kwenye swali la 11.

## Nyota zilizolipuka

5. Supanova ni nini, na masalia yake ni nini?

Nyota kubwa, yenye uzito wa angalau mara nane ya jua, ikimaliza kuni zake za nyuklia, kiini chake huporomoka na tabaka za nje hurushwa kwa kishindo. Kuna aina nyingine pia, ambapo nyota ndogo iliyokufa, iitwayo kibete cheupe, hulipuka yote kwa mara moja. Nishati ya mwendo wa vitu vinavyorushwa inakaribia nishati yote ambayo jua letu litaitoa katika maisha yake ya miaka bilioni kumi.

Masalia ni kile kinachobaki kikisambaa: gamba la gesi moto linalopanuka kwa maelfu ya kilomita kwa sekunde, likikomba gesi iliyokuwa njiani. Hudumu makumi ya maelfu ya miaka kabla ya kuyeyuka angani. Baadhi tunajua tarehe ya mlipuko wake kwa sababu watu waliuona na kuuandika: ule wa 1006, ambao Ali ibn Ridwan wa Misri aliueleza, wa 1054, ulioandikwa na Wachina, wa Tycho wa 1572, na wa Kepler wa 1604. Tangu huo wa Kepler, hakuna mwingine ndani ya galaksi yetu ya Njia Nyeupe ulioonekana bayana kwa macho matupu. Ule wa Februari 1987 ulikuwa katika galaksi jirani, na kwa latitudo yetu nyota hiyo ilikuwa inachomoza chini upande wa kusini.

6. Kwa nini tusifuate tu njia ya chembe kurudi zilikotoka?

Kwa sababu njia imepinda. Protoni ina chaji, na katikati ya nyota kumejaa uga wa sumaku uliojikunja huku na huku. Protoni huzungushwa humo kwa mamilioni ya miaka. Ikifika kwetu, upande inaotokea hauna uhusiano na upande ilikozaliwa. Ni kama kutafuta kijiji cha jani la mgomba uliloliokota kwenye ufuo wa Ziwa Edward baada ya mawimbi ya wiki nzima.

Miale ya gama haina chaji, hivyo husafiri moja kwa moja. Ikitoka kwenye masalia fulani, inakuja ikinyoosha kidole hapohapo. Hii ndiyo sababu tunaojali asili ya miale ya kosmiki tunatumia muda mwingi kuzungumzia gama.

7. Kwa nini supanova zilishukiwa hata kabla ya ushahidi?

Wanaastronomia Walter Baade na Fritz Zwicky walitoa wazo hilo mwaka 1934. Lililolipa uzito baadaye ni hesabu, na hesabu yenyewe unaweza kuifanya kwenye daftari. Miale ya kosmiki huvuja polepole kutoka kwenye galaksi, kwa hiyo ili isipungue lazima ijazwe. Nguvu inayohitajika kuijaza ni kama wati 10³⁴. Supanova moja hutoa nishati ya mwendo ya joule 10⁴⁴, na Njia Nyeupe hupata mbili au tatu kwa karne. Gawanya kwa sekunde zilizomo: unapata wati 10³⁵ hivi. Maana yake kila supanova ikitoa fungu la kumi, kama zaka, deni lote linalipwa. Hakuna chanzo kingine kinachojulikana kwenye galaksi yetu chenye mfuko mkubwa kama huo.

Hesabu kama hii inaonyesha mtuhumiwa ana uwezo. Haionyeshi kwamba ametenda.

8. Mlipuko unawezaje kusukuma protoni mpaka karibu na kasi ya nuru?

Si kwa pigo moja. Chukua mpira wa maganda ya mgomba na uurushe kwenye ukuta: unarudi na kasi ileile au pungufu. Sasa fikiria lori la saruji linalotoka kiwandani Hima, linakuja kwako. Mpira ukigonga uso wa lori unarudi kwa kasi kubwa kuliko uliyourushia, kwa sababu umekopa mwendo wa lori. Ukiwa na namna ya kuurudisha ugonge tena, na tena, utazidi kukimbia.

Ukingo wa masalia ni wimbi la kishindo, na kwa protoni wimbi hilo ni kama lori. Uga wa sumaku uliovurugika mbele na nyuma ya wimbi ndio unaoirudisha protoni. Kila ikivuka inaongezewa sehemu ndogo ya nishati, na baada ya kuvuka mara nyingi mno inakuwa na nishati ya kutisha. Mwanafizikia Enrico Fermi alianzisha wazo la namna hii mwaka 1949. Umbo lake la mawimbi ya kishindo lilikamilishwa na watafiti kadhaa, kila mmoja kivyake, mwaka 1977 na 1978. Nadharia hii inapendeza kwa sababu moja zaidi: inatabiri uwiano kati ya chembe zenye nishati ndogo na zenye nishati kubwa, na utabiri huo unalingana kwa karibu na kinachopimwa tukihesabu uvujaji wa swali la 7.

## Ushahidi wa miale ya gama

9. Gama zinazalishwaje ndani ya masalia?

Kwa njia mbili kuu, na ugomvi wote wa fani hii umo humu.

Njia ya kwanza ni ya protoni. Protoni iliyosukumwa inagonga gesi iliyotulia, na katika mgongano huo huzaliwa chembe iitwayo pioni isiyo na chaji. Pioni hiyo haikai hata kidogo; hugeuka papo hapo kuwa miale miwili ya gama.

Njia ya pili ni ya elektroni. Elektroni nazo husukumwa na wimbi lilelile. Ikikutana na mwale wa nuru hafifu, hasa ule mnururisho wa kale uliojaa kila mahali angani, huupiga na kuupandisha hadi kuwa gama. Elektroni ni kama moja tu katika mia ya miale ya kosmiki. Kwa hiyo ukiona gama kutoka kwenye masalia, bado hujathibitisha chochote kuhusu protoni. Huenda umeona elektroni tu.

10. Ni masalia gani yanayobishaniwa zaidi?

Yanaitwa RX J1713.7-3946, kwenye kundi la nyota la Nge, umbali wa miaka ya nuru 3,000 hivi. Mwaka 2004 darubini za H.E.S.S. za Namibia zilitoa picha yake kwa miale ya gama yenye nishati ya juu sana. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza gamba la supanova kuonekana wazi kwa nuru hiyo. Lina upana mara mbili ya mwezi mpevu. Macho yetu yangekuwa yanaona gama, tungelitazama likipita juu ya Rwenzori kila mwaka msimu wa Nge.

Wapo waliosema: hizi ni protoni, mwisho wa kesi. Wengine wakapinga, na hoja zao zilikuwa nzito. Eksirei za masalia haya hazionyeshi gesi moto ya kutosha, na bila gesi protoni hazina cha kugonga. Mwaka 2011 setilaiti ya kupima gama iitwayo Fermi ilipima gama zenye nishati ndogo kutoka hapo, na mpangilio wake ukafanana na ule unaotarajiwa kwa elektroni.

Jibu likaja kutoka upande wa gesi. Huenda gesi ipo, ila imejifunga katika mabonge mazito ya baridi ambayo hayatoi eksirei. Protoni zenye nishati ndogo hushindwa kuingia ndani ya mabonge; zenye nishati kubwa hupenya. Matokeo yanaiga sura ya elektroni. Mwaka 2021 timu iliyoongozwa na Yasuo Fukui wa Japani ililinganisha ramani za gesi, eksirei na gama, ikakadiria kwamba kama theluthi mbili za gama hizo ni za protoni na theluthi moja ni za elektroni. Mimi naona ni makadirio mazuri, kwa sababu yameacha kulazimisha upande mmoja ushinde.

11. Basi ushahidi wa wazi wa protoni ulipatikana wapi?

Kwenye masalia mawili yaliyozeeka: W44, umbali wa miaka ya nuru 10,000 hivi, na IC 443, karibu nusu ya umbali huo. Yote mawili yamegonga mawingu mazito ya gesi, kwa hiyo protoni zina shabaha tele.

Pioni iliyosimama ikigeuka hutoa miale miwili yenye nishati sawa, elektronivolti milioni 67.5 kila mmoja (elektronivolti ni kipimo kidogo cha nishati ya chembe). Pioni zinazokimbia huitawanya namba hiyo, lakini alama inabaki: chini ya elektronivolti milioni 200 hivi, gama zinapaswa kupungua ghafla. Elektroni haziachi mteremko wa namna hiyo kirahisi. Tatizo ni kwamba katika nishati hizo za chini darubini za gama huona vibaya, na uchafu wa miale mingine ni mwingi.

Mwaka 2011 setilaiti ndogo ya Italia, AGILE, iliuona mteremko huo kwa W44. Mwaka 2013 Fermi, iliyokuwa angani tangu Juni 2008, iliuonyesha kwa W44 na IC 443 kwa takwimu za miaka minne. Hapo ndipo ilipowezekana kusema bila kusita: masalia ya supanova yanasukuma protoni.

Jambo hili linanigusa kama mtu wa Afrika Mashariki. AGILE ilizunguka juu ya Ikweta, ikipotoka nyuzi 2.5 tu, kwa sababu ngao ya sumaku ya swali la 4 inapunguza uchafu wa chembe kwenye njia hiyo. Uganda iko palepale. Kwa kila mzunguko wa dakika 95 hivi ilipita juu yetu au karibu nasi, kisha ikateremsha data yake kwenye kituo cha Malindi, pwani ya Kenya. Malindi haikuanza hapo. Kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na mji huo, ilirushwa Desemba 1970 setilaiti ya kwanza ya kuchunguza eksirei za angani, ikaitwa Uhuru. Novemba 1972 ikafuata SAS-2, mojawapo ya setilaiti za mwanzo kabisa kupima gama za galaksi yetu. Mtoto wa Uganda akiambiwa sayansi hii ni ya watu wa mbali, aambiwe na Malindi.

12. Darubini ya gama iliyo ardhini inaonaje, ikiwa hewa inazuia gama?

Inatazama hewa yenyewe. Mwale wa gama ukigonga hewa huanzisha mvua ya chembe kama ya swali la 1. Chembe hizo hukimbia kuliko nuru inavyokimbia ndani ya hewa, na hilo hutoa mmweko wa buluu unaodumu sehemu chache tu za bilioni za sekunde, ukimwagika ardhini kwenye duara lenye upana wa mita 250 hivi. Darubini kadhaa zikiuona mmweko uleule kutoka pembe tofauti, hupatikana upande ulikotoka na nishati yake. H.E.S.S., iliyopewa jina kwa heshima ya yule Hess wa puto, ina darubini nne za kipenyo cha mita 12 zilizokamilika 2003 na moja ya mita 28 iliyoongezwa 2012, zote kwenye nyanda za Khomas nchini Namibia, mita 1,800 juu ya bahari.

13. Je, darubini kama hiyo ingeweza kujengwa Uganda?

Kwa upande mmoja mahali petu ni pazuri kuliko Namibia: ukiwa Ikweta unaona karibu anga yote, ya kaskazini na ya kusini. Lakini mmweko wa swali la 12 unahitaji usiku mkavu, usio na mawingu, na sisi tuna misimu miwili ya mvua. Rwenzori wenyewe hufunikwa na ukungu siku nyingi za mwaka.

Aina nyingine ya vituo hupokea chembe zenyewe badala ya mmweko, hivyo hufanya kazi usiku na mchana. Vituo hivyo hutaka uwanja mpana juu sana. LHAASO ya China iko mita 4,410, juu zaidi ya Wagagai, kilele cha Mlima Elgon chenye mita 4,321.

## Yasiyokwisha

14. Basi asili ya miale ya kosmiki imejulikana, kesi imefungwa?

Haijafungwa. Tunachojua ni kwamba masalia husukuma protoni. Tusichokuwa nacho ni uthibitisho kwamba yanazisukuma vya kutosha.

Ukipanga miale ya kosmiki kwa nishati, mstari unateremka sawasawa mpaka kama elektronivolti 3 zikifuatwa na sifuri kumi na tano, yaani petaelektronivolti tatu, kisha unakunja. Mkunjo huo huitwa goti. Wengi huamini kwamba mpaka kwenye goti chembe zinatoka ndani ya galaksi yetu. Kwa hiyo anayedai supanova ndizo chanzo lazima aonyeshe masalia yanayofikisha protoni huko.

Mwale wa gama hubeba kama sehemu ya kumi ya nishati ya protoni iliyouzaa. Masalia yenye protoni za goti yangeng'aa kwa gama za teraelektronivolti mia na zaidi (tera ni sehemu ya elfu ya peta). Watafiti walimwekea tumaini Cassiopeia A, masalia machanga ya miaka 340 hivi, yenye gesi na uga mkubwa wa sumaku. Mwaka 2017 darubini za MAGIC za kisiwa cha La Palma zilionyesha kwamba gama zake zinaanza kukatika kwenye teraelektronivolti tatu na nusu tu. Yaani protoni zake zinaishia mbali kabisa chini ya goti. Kwa wengi hilo lilikuwa pigo.

Utetezi upo. Huenda masalia hufika kwenye goti katika miaka michache ya mwanzo tu, wakati wimbi ni kali kupita kiasi, na sisi hatujapata la karibu la umri huo.

15. Kama si masalia, ni nini kinachofika huko?

Vyanzo vyenye nguvu hiyo vimeanza kuonekana. Mwaka 2016 H.E.S.S. ilitoa ushahidi wa protoni za petaelektronivolti katikati ya Njia Nyeupe. Mwaka 2021 LHAASO ilitangaza vyanzo kumi na viwili vya gama zinazovuka teraelektronivolti mia. Mwale mmoja, kutoka upande wa Cygnus, ulikuwa na petaelektronivolti 1.4. Cygnus ni kitalu cha nyota changa kubwa, na upepo wa nyota nyingi zilizosongamana unaweza kuunda mawimbi ya kishindo yanayodumu mamilioni ya miaka. Mimi naegemea hapa: supanova zinalipa sehemu kubwa ya deni la swali la 7, lakini kilele cha nishati kinafikiwa mahali ambapo nyota kubwa zimekusanyika, zikivuma na kulipuka pamoja.

Chembe zenye nishati kubwa zaidi ya zote, zaidi ya elektronivolti 8 × 10¹⁸, ni habari nyingine. Mwaka 2017 kituo cha Pierre Auger cha Argentina kilionyesha kwamba zinatoka nje ya galaksi yetu.

16. Mbona nebula ya Kaa hutajwa kama chanzo kikubwa cha gama lakini si mfano mzuri?

Nebula ya Kaa ilitokana na mlipuko wa 1054 na ilikuwa chanzo cha kwanza cha gama za teraelektronivolti kuthibitishwa, mwaka 1989. Ila gama zake haziendeshwi na gamba. Katikati kuna pulsa, nyota ya nyutroni inayozunguka kama mara thelathini kwa sekunde, inayomwaga elektroni. Ndiyo sababu haitumiki kama ushahidi wa protoni (swali la 9).

17. Radi zetu zinahusiana na miale ya kosmiki?

Swali hili huulizwa kwa uchungu, maana radi imeua watoto wengi mashuleni Uganda. Wapo wanafizikia wanaodhani chembe za kosmiki husaidia kuanzisha cheche ya radi. Hilo bado linabishaniwa. Lililothibitishwa ni kwamba mawingu ya radi yenyewe hutoa miale ya gama. Ilitangazwa 1994 baada ya setilaiti ya Compton kuona mimweko iliyotoka chini, duniani, badala ya angani. Uga wa umeme ndani ya wingu husukuma elektroni mpaka karibu na kasi ya nuru, nazo zikigonga hewa hutoa gama kwa muda ambao kwa kawaida haufiki hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. AGILE, kwa njia yake ya Ikweta, iliona mingi ya mimweko hiyo.

Kwa usalama hayo hayabadilishi kitu. Ukisikia ngurumo, ingia ndani ya jengo imara, ondoka chini ya mti, na shule iwe na kinga ya radi iliyounganishwa vizuri na ardhi.

18. Nyota jirani ikilipuka tutaangamia?

Betelgeuse, ile nyekundu ya Orion inayopita karibu na utosi wetu, italipuka siku moja, pengine baada ya miaka laki moja. Iko mbali kwa mamia ya miaka ya nuru, hivyo tutapata tamasha la nuru tu. Hatari ingekuwa kwa mlipuko wa umbali wa makumi machache ya miaka ya nuru. Milipuko ya jirani imewahi kutokea: chini ya bahari kumekutwa chuma-60, ambacho huzaliwa ndani ya nyota kubwa, kilichotua miaka milioni mbili hadi tatu iliyopita, wakati jamaa zetu wa kale walikuwa wakitembea Afrika Mashariki.

19. Ina faida gani kwa Mganda wa kawaida?

Nitatoa moja. Miale ya kosmiki huzalisha nyutroni hewani, nazo hugeuza naitrojeni kuwa kaboni-14. Mmea huivuta, ng'ombe hula mmea, na kila kiumbe kikifa kaboni-14 yake hupungua nusu kila miaka 5,730. Ndivyo wanaakiolojia walivyopata umri wa Ntusi, Sembabule, makazi ya wafugaji na wakulima yaliyostawi tangu karne ya 11 hivi. Historia yetu isiyoandikwa imepata tarehe kwa msaada wa chembe zilizosukumwa na nyota.

## Kwa anayetaka kuanza

20. Mwanafunzi wa Uganda anaanzia wapi?

Fizikia na hisabati, bila njia ya mkato, pamoja na kompyuta. Makerere na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara vinafundisha fizikia. Lakini huna haja ya kungoja chuo. Data ya Fermi ni ya bure kwa yeyote mwenye intaneti. Mwaka 2018 H.E.S.S. nayo ilitoa sehemu ya data yake, na ndani yake yamo yale masalia yenye ubishi ya swali la 10. Programu ya kuichambua, Gammapy, ni ya bure pia na hufanya kazi kwenye laptopu ya kawaida. Pakua usiku, umeme ukiwepo, uhifadhi.

21. Nitengenezeje boksi la kioo kama lenu?

Boksi la kioo au plastiki angavu, kitambaa kinene kilichogundishwa ndani upande wa chini kabla ya kuligeuza, spiriti ya isopropili yenye kiwango cha juu (ya kawaida yenye maji mengi haitoi ukungu mzuri), bamba jeusi la chuma, na barafu kavu kilo tatu au zaidi. Ziba ukingo kwa udongo wa mfinyanzi. Vaa glavu nene, maana barafu hiyo huunguza ngozi. Usiifungie ndani ya chombo kilichozibwa wala ndani ya gari lenye vioo vilivyofungwa. Ikiyeyuka hutoa kaboni dayoksaidi, na mtu anaweza kukosa pumzi. Weka tochi ubavuni, si juu. Uzi mfupi mnene ni wa radoni iliyo chumbani. Uliojikunja ni wa elektroni. Mrefu na mnyoofu ndio wa myuoni. Wape watoto nafasi ya mbele na uwaache watazame dakika kumi nzima bila kuwaambia watakachokiona.